Ua Safi wa Jumamosi

Kila alfajiri, kabla moshi haujaanza kutoka kwenye nyumba za jirani, Mapaballo alifagia ua. Alianzia mlangoni akarudi kinyumenyume hadi langoni, mgongo umeinama, fagio la nyasi mkononi, ili nyayo zake mwenyewe zisibaki juu ya kazi yake. Akimaliza, udongo ulikuwa na mistari myembamba kama nywele zilizochanwa, naye alisimama langoni kidogo akautazama. Katika siku nzima, hiyo ndiyo saa pekee aliyokuwa na hakika kwamba amefanya jambo sawasawa.

Asubuhi hiyo ya Septemba hakufika langoni. Alisikia jembe likipiga ardhi, pu! akainua kichwa. Mama mkwe wake, Matseliso, blanketi limebanwa begani kwa pini kubwa, alikuwa anachimba shimo katikati ya ile mistari.

"Mama, hapo nimeshafagia."

"Nimeona. Pazuri sana." Akapiga tena. "Niletee ile miche iliyo kivulini, na maji. Mvua ya juzi imelainisha udongo. Tukichelewa, upepo utaukausha tubaki tunachimba mawe."

Mapaballo akaenda kuleta. Angefanya nini? Aliolewa majira ya baridi yaliyopita. Kwao aliitwa Itumeleng. Siku alipoingia katika nyumba hii alivikwa blanketi, akapewa jina jipya la Mapaballo, mama wa Paballo, mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa. Mumewe, Tseliso, alirudi migodini baada ya harusi, akawaacha wanawake wawili na ua mmoja. Na mkwe mpya haulizi maswali. Hutazama chini, huitikia, hufagia.

Shida ilikuwa kwamba ua wenyewe haukufagilika. Nusu nzima, kuanzia jikoni hadi barabarani, ilikuwa ya mimea ya Matseliso, yote ya milimani huko huko wilayani kwao Leribe: mishubiri, mizeituni mwitu, vichaka vya majani ya kijivu, na yale maua marefu mekundu yanayowaka kama mienge kandokando ya vijito. Hakununua hata mche mmoja. Aliokota mbegu njiani, akaziotesha kwenye makopo ya maziwa. Hapa palikuwa na lundo la mawe kwa ajili ya mijusi, pale beseni lililopasuka ambamo ndege walikuja kuoga. Majani makavu aliyaacha yalipoanguka, ili chura apate pa kujificha. Na mabua ya maua ya mishubiri, yaliyokauka tangu mwaka juzi, yalisimama wima kipupwe chote, meusi, kama mikuki ya jeshi lililokimbia.

Wiki yake ya kwanza, Mapaballo alishika mundu ayakate. Matseliso alimshika mkono taratibu, akamwonyesha tundu kwenye bua moja, la mviringo kana kwamba limetobolewa kwa msumari wa moto.

"Gonga."

Aligonga kwa ukucha. Ndani kukanguruma.

"Nyuki weusi, wale wakubwa," Matseliso alisema kwa kunong'ona. "Wamelala. Tukikata, wataamkia wapi?"

Mapaballo alipenda ile ngurumo. Ukweli ni kwamba alipenda mengi katika ua ule: chura aliyekaa chini ya bomba kama mzee anayengoja zamu yake, na ndege wadogo wa kijani waliotia midomo ndani ya maua kufyonza mbochi. Lakini alivipenda akiwa peke yake. Mtu akipita barabarani, kupenda kulimtoka.

Kwa maana katika kijiji kile ua wenye takataka una jibu moja tu: mkwe ni mvivu. Hakuna anayemsema mama mwenye nyumba. Na jirani yao Mapitso, ambaye ua wake ulikuwa mweupe kama kiganja, hakuacha siku ipite bure.

"Bi harusi!" aliita juu ya ukuta wa mawe, siku ile ile ya kupanda. "Jana nimeona sungura anaingia kwenu, nikadhani ni mgeni. Nusura nimpokee mzigo!"

Mapaballo alicheka kwa adabu.

"Au kwenu mafagio hukodishwa?"

"Yapo, Mama Mapitso."

"Yapo! Basi yaambie yaamke!"

Matseliso, magoti chini, alikuwa anashindilia udongo kuzunguka mche. "Mapitso, njoo nikupe miche miwili. Ndege waje kwako pia."

"Ndege gani! Mimi nina kuku, na hata hao nawafukuza wasinichafulie."

Wakaendelea kupanda. Mikono ya Matseliso iliingia udongoni kama inavyoingia kwenye unga, bila kuangalia. Alisema, kana kwamba anazungumza na shimo, kwamba watoto walipoondoka wote nyumba hii ilikaa kimya mno, mtu akawa anasikia sufuria ikipoa. Mapaballo alitaka kumwuliza zaidi. Lakini watu walikuwa wanapita kwenda dukani, na kila walipokaribia aliinuka, akapangusa magoti, akashika fagio, ili waone kwamba yeye alikuwa anafagia. Walipopita akapiga magoti tena. Mara ya pili au ya tatu alihisi macho ya Matseliso yako juu yake. Matseliso alimsogezea tu kopo la maji.

Jioni shangazi yake alipiga simu. Shangazi Puseletso, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na mkono aliomlelea ulikuwa umeshika fagio. "Nimesikia maneno," alisema. "Nimeambiwa mwanangu anaishi kichakani. Jumamosi nakuja na macho yangu mwenyewe."

Mapaballo alijaribu kusema. Walikuwa wanakula ugali na mboga za majani, mama mkwe kwenye kiti, yeye kwenye mkeka.

"Mama, Jumamosi Shangazi anakuja."

"Na akaribie. Tutachinja kuku."

"Labda tupunguze kidogo pale mbele."

"Tupunguze nini?"

"Yale… yaliyokauka."

"Kwa nini?"

Alitazama sahani yake. Neno la kweli alikuwa nalo, akaliacha. "Nyoka," alisema. "Shangazi anaogopa nyoka."

"Mwambie nyoka nao wanaogopa mashangazi." Matseliso akacheka hadi akashika kiuno, na Mapaballo akacheka pamoja naye, na kicheko chake mwenyewe kilimchukiza.

Jumamosi Matseliso aliamkia mazikoni kijiji cha pili. Aliacha kuku amekwisha kuchinjwa. "Nitarudi mgeni akiwa anakunywa chai," alisema, akaenda.

Mapaballo alifagia kama kawaida, kutoka mlangoni kinyumenyume. Alipofika penye miche mipya akasimama. Alijiambia ataihamishia nyuma ya nyumba tu, aipande vizuri baadaye. Akaing'oa kwa koleo, akaiweka kwenye ndoo. Halafu akajiambia nyasi kavu ni nyasi tu. Akachukua mundu. Halafu majani ya chura. Halafu mawe ya mijusi, akayarusha kando ya zizi. Mkono ulikwishapata moto, na kila alichokiondoa kilifanya kilichobaki kionekane kibaya zaidi. Mabua ya mishubiri aliyaacha mwisho. Hakuyagonga kwa ukucha. Aliyakata chini, upesi upesi, akayabeba kifuani kama kuni, akayatupa kwenye moto nyuma ya jiko.

Yalishika haraka. Kisha ndani ya moto kukaanza kunguruma.

Alirudi nyuma hatua moja. Ngurumo ikapanda, ikawa kali. Nyuki mmoja mweusi akatoka kwenye tundu, mabawa yameungua, akaanguka karibu na mguu wake, akazunguka chini kama kisoda kilichorushwa, hadi akatulia. Mapaballo akakimbilia maji. Alipoyamwaga kulikuwa kumenyamaza tayari. Alichutama pale, ndoo ya maji ikiwa tupu mkononi, moshi ukimwingia machoni. Kisha akasikia gari likisimama barabarani. Akafukia jivu kwa udongo, akafagia juu yake.

"Hapa ndipo kichakani?" Shangazi Puseletso alisimama langoni na kikapu chake, ameweka mkono kiunoni. "Waongo wakubwa! Ua unang'aa kama sahani! Njoo hapa, mwanangu, nikuone."

Alimkumbatia. Mapaballo alinusa mafuta ya nywele anayoyajua tangu utotoni, na kwa muda ule akafurahi, akafurahi kweli. Mapitso naye aliegemea ukuta kuamkia mgeni, akamsifu mkwe kwa bidii yake. Sifa zile zilikuwa tamu. Utamu wake haukufika nusu ya kikombe cha chai.

Kwani Matseliso alikuwa anakuja barabarani, taratibu, na nguo zake za msibani. Mapitso hakuweza kujizuia.

"Jirani! Ua wako umenyolewa kama kichwa cha mfiwa! Umefiwa?"

Matseliso alisimama langoni. Mapaballo, na sinia mkononi, alimwona akitazama kutoka upande hadi upande, polepole, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Alitazama mahali pa mabua. Alitazama ndoo ukutani, ambamo miche ilikuwa imelala ubavu, majani yamenyauka kwa jua na upepo. Pua yake ikacheza. Moshi ulikuwa bado hewani. Kisha akavuta blanketi lake vizuri begani, akaja hadi walipoketi, akampa mgeni mikono yote miwili.

"Karibu, mama. Karibu sana. Umepewa chai?"

"Nimepewa chai, nimepewa na heshima," Shangazi alisema. "Nimekaa hapa najiambia, huyu mtoto nilimfunza fagio, halikupotea. Ila nimesikia mpaka juzi hapa palikuwa msitu. Sasa niambie bila kuficha, mkwe mwenzangu. Nani alikuwa mvivu?"

Mapaballo akashikilia sinia.

"Mimi," Matseliso alisema. "Uvivu ni wangu. Macho hayaoni vizuri siku hizi, mgongo nao una mambo yake. Nikamwomba mtoto anisafishie kabla mgeni hajafika. Amenisaidia sana."

"Ndiyo maana!" Shangazi alipiga paja, ameridhika. "Mtu akizeeka peke yake huanza kuokotaokota. Mawe, majani, makopo. Usijali, mama, umeletewa mkono wa kazi."

"Nimeletewa," Matseliso aliitikia, akapokea kikombe chake.

Mapaballo alitamani angepigwa kelele. Angetukanwa mbele ya wote, angejua pa kuficha uso. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi pale, mavumbi ya mazikoni miguuni, amekubali kuitwa mzee wa kuokotaokota, ili yeye asipungukiwe sifa. Na yeye alikuwa amesimama anaziacha zile sifa zimkae.

Ndipo nyuki akaja. Mweusi, mkubwa kama ncha ya kidole gumba. Huenda aliwahi kutoka asubuhi kabla ya mundu. Alifika mahali pa bua, akaning'inia hewani pasipo kitu, akashuka, akapanda, akarudi nyuma kidogo, akaja tena pale pale. Halafu akawazunguka watu, karibu na kichwa cha mgeni.

"Mdudu!" Shangazi akavua kiatu.

"Mwache, mama," Matseliso alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Anatafuta mlango wake."

"Mlango! Nyuki ana mlango!" Shangazi alicheka hadi chai ikamwagika sahanini. Huko ukutani Mapitso naye alicheka. "Na dirisha je? Na kapeti? Itumeleng, umesikia? Cheka basi, mwanangu!"

Wote wakamtazama, wakingoja kicheko. Mapaballo aliweka sinia chini.

"Hakuniomba," alisema.

"Nani?"

"Mama hakuniomba nisafishe. Alikuwa mazikoni. Alikwisha kunionyesha nyuki walio ndani ya yale mabua. Nilijua wamo. Nikayakata, nikayachoma."

"Nyuki!" Shangazi aliangalia huku na huku, kama anayetafuta mtu wa kumfafanulia. "Mwanangu, umefanya usafi. Kuna ubaya gani?"

"Basi, Mapaballo," Matseliso alisema upesi, akainua mkono. "Yamekwisha. Mgeni anakunywa chai. Ulikuwa unafagia tu."

Alikuwa amefunguliwa njia, pana, ya kupita akiwa ameinamisha kichwa. Tangu aolewe hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni; sasa aliinua macho akamtazama, na kumbe macho yale yaliyosemwa hayaoni yalikuwa yanamwona vizuri kabisa, na yalikuwa mekundu.

"Sikuwa nafagia, Mama," alisema. "Nilikuwa nakuonea haya wewe, mbele ya watu."