Kona ya Shafti

Rebeka aligundua kosa lake Alhamisi saa tatu asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto. Alikuwa amefungua programu ya shafti kwenye mashine ya kukerezea ili aandae kazi nyingine, na mstari mmoja aliotarajia kuuona haukuwapo.

Karakana ya mzee Luhende, pale Igogo, ilikuwa na mashine tatu zinazoendeshwa kwa kompyuta. Moja ilikata mabati mazito kwa moto wa umeme, vipande vya matangi na vya mageti. Nyingine ilichonga meno ya gia za mashine za kusaga na kukoboa. Ya kukerezea ilikuwa mikononi mwa Rebeka mwaka wa nne sasa: chuma huzunguka, kisu husogea chenyewe kwa kufuata namba alizoandika yeye, na kinachotoka ni bushi, puli au shafti. Wenye boti walimfuata kwa sababu shafti zake ziliingia mahali pake bila kupigwa tupa.

Mstari uliokosekana ulihusu kona. Shafti ya boti, mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, hupungua unene kuelekea mwisho, panapokaa pangaboi la kusukuma boti, na pale inapopungua lazima kisu kipite kwa mviringo ili kona ibaki laini. Ikiachwa kali, chuma huanza kuchoka papo hapo, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, hadi siku moja kikatike. Rebeka aliirekebisha programu hiyo mwezi wa kwanza kwenye kompyuta ya ofisini. Ndani ya mashine, kumbe, lilibaki faili la zamani. Na kwa faili hilo, Ijumaa iliyopita, alikuwa ametoa shafti ya boti ya Bi Moza.

Alikumbuka alivyoipima. Unene wote aliupima mara mbili, ukawa sawasawa. Kona hakuitazama. Aliiamini mashine.

Alimpigia simu Bi Moza. Ikaita mpaka ikakatika. Akaenda kwa mzee Luhende, aliyekuwa amekaa mlangoni akinoa kisu cha zamani. Ndiye aliyemfundisha kazi, tangu enzi za mashine ya kuzungusha kwa mkono.

"Mzee, shafti ya Bi Moza nimeiharibu," alisema, akamweleza yote.

Luhende hakuinua kichwa. "Imekatika?"

"Bado."

"Nimekereza shafti miaka thelathini, Rebeka. Wakati ule kona ilikuwa jicho la fundi tu. Zilikatika ngapi?"

"Sijui, mzee. Na wewe hujui. Zikikatikia ziwani, nani anarudi kukwambia?"

Mzee alijaribu makali ya kisu kwa kidole. "Jumapili boti inapumzika. Tutamwambia ailete tuikague. Ukienda leo kumtangazia mbele ya watu, karakana hii nani ataiamini tena?"

"Leo kuna upepo," Rebeka alisema. Akavua aproni na kutoka. Mzee hakumzuia.

Alichukua bodaboda hadi mwaloni, ufukweni boti zinakotia nanga. Bi Moza alikuwa kwenye magunia ya dagaa, akibishana na mchuuzi.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba, fundi. Mbona unahema?"

Rebeka alimvuta pembeni. Alisema kwa sauti ya chini, bila kuzunguka: shafti ina kasoro, kasoro ni yake, boti isitoke. Bi Moza alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama ziwani, ambako mawimbi yalikuwa yameanza kuwa meupe vichwani.

"Imetoka saa nzima sasa," alisema. "Ina watu thelathini. Na Nurdin ndiye anayeiendesha."

Nurdin alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Bi Moza alitoa simu mfukoni, akaona alivyokuwa amepigiwa asisikie. Akampigia ndugu yake. Haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Rebeka alisimama pembeni yake, akihesabu: shafti huzunguka mara ngapi kwa dakika, ikazunguka dakika ngapi tangu Jumatatu ilipofungwa. Hesabu ilikuwa kubwa mno, akaiacha.

Mara ya sita Nurdin alipokea. Bi Moza hakupandisha sauti. "Punguza moto. Punguza kabisa. Rudi taratibu, usikate wimbi. Wavalishe watu majaketi, waambie injini inachemka." Alisikiliza kidogo. "Nitakueleza. Fanya kwanza."

Kutoka hapo hadi saa nane wanawake wale wawili walikaa juu ya magunia wakitazama ziwani. Mara moja tu Bi Moza alisema, "Ungeweza kunyamaza wewe." Rebeka hakujua kama ni sifa au lawama.

Boti iliingia ikitambaa kama mgonjwa. Abiria walishuka wamelowa, wamekasirika, wengine wakitapika. Mama mmoja aliyekuwa akimwahi mwanawe hospitali ya kisiwani alilia waziwazi. Walipojua sababu, wote walimgeukia Rebeka.

Shafti ilipochomolewa, mzee Luhende alikuwa amefika na chupa ya mafuta ya taa na kipande cha chaki. Alipaka mafuta kwenye kona, akasubiri, akafuta kabisa, akapaka unga wa chaki. Ufa ukiwapo, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari. Watu waliinama kutazama. Chaki ilibaki nyeupe pande zote.

"Nzima," alisema Nurdin.

"Ufa hauonekani," Rebeka alisema. "Si sawa na nzima."

"Umewatesa watu wangu kwa kitu ambacho hakipo," alisema Bi Moza. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, uchovu tu. "Nitengenezeeni nyingine. Baada ya hiyo nitatafuta fundi mwingine. Kila nikiona kazi yako nitakuwa naogopa."

Rebeka alimwambia ana haki. Maneno yale yalimuuma kama kofi.

Waliporudi karakanani, Rebeka alitarajia mzee amwambie, nilikuonya. Badala yake Luhende alifungua daftari la kazi mezani.

"Ulipoondoka nilisoma hili," alisema. "Faili hilo limetumika mara mbili tangu mwezi wa kwanza. Moja ya Moza. Nyingine ya Yakobo, wa Ukerewe, mwezi wa pili."

Rebeka aliketi. Shafti ya Yakobo ilikuwa imezunguka miezi minne.

"Chaki imetuonyesha ya siku tatu," mzee aliendelea. "Ya miezi minne haikutuonyesha." Alivaa miwani, akabonyeza namba ya Yakobo kwa kidole gumba, polepole. Aliweka simu sikioni kwa muda mrefu, kisha akaishusha.

"Imezimwa."

"Meli ya Ukerewe ilishaondoka," Rebeka alisema.

"Kuna ya kesho asubuhi. Tutaenda wote. Mimi ndiye nitakayemwambia." Mzee alifunga daftari. "Usiku huu wewe kaa kwenye mashine, ukereze mbili. Ya Moza na ya Yakobo."

Rebeka alifuta faili la zamani, akaingiza jipya, akausoma kila mstari kwa sauti. Kisha akafunga chuma kwenye mashine na kumpigia tena Yakobo kabla hajaiwasha.