Mkopo Aliouitikia Mama

Fundi cherehani alikuwa amechoka, na kilichomchosha si kazi. Kazi haimmalizi mtu kama kubembeleza ofisi. Kila mteja akimtumia hela ya kitambaa kwenye simu, kampuni ya mikopo inaidaka kabla hajaigusa, na huko nyumbani cherehani imekaa bure. Mkopo wenyewe hakuuomba mtu.

Siku mkopo ulipoingia, fundi alikuwa ameiacha simu nyumbani akaenda sokoni; ikaita, akapokea mama yake, ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake. Ilikuwa sauti ya kurekodiwa: "Shikamoo mama. Tumekuchagua upate mkopo. Je, unakubali?" Na mama huyu tangu azaliwe hajawahi kumkatalia mtu aliyemwamkia kwa heshima. Akajibu, "Marahaba mwanangu. Ndiyo, asante, Mungu akubariki." Mashine haina haja na baraka; ilitaka ile ndiyo tu. Fundi alizirudisha hela siku ileile, lakini riba na ada zikabaki, zikazaana kama panya.

Leo alikuja na mama yake ofisini kwa kampuni. Afisa wa malalamiko, kijana wa tai, akaisikiliza ile rekodi, akakuna shingo.

"Dada, kumbambikia mtu mkopo ni kosa. Ila hapa ameulizwa, akakubali." Akashusha sauti, utadhani mama hayupo. "Iko njia moja. Kama amepoteza kumbukumbu, ndiyo yake haihesabiki. Naufuta leo hii."

"Mama yangu ana akili timamu! Chumvi aliyomwazima jirani mwaka juzi anaikumbuka mpaka leo."

"Basi utalipa."

Aibu ilimwingia fundi, maana moyoni alishaanza kukubali. Mama aliyemlea peke yake, leo aandikwe kapungukiwa akili, tena anasikia! Hapana. Bora njaa.

"Mama, twende zetu."

Mama hakuinuka. Afisa akamgeukia. "Shikamoo mama. Huyu uliyekuja naye ni nani?"

"Marahaba, mwanangu." Mama akamtazama bintiye toka kichwani hadi miguuni, taratibu. "Huyu? Simjui. Kanikuta tu nimekaa."

Chini ya meza alikuwa ameukamata mkono wa bintiye, anaubana kwa nguvu.

Afisa akatikisa kichwa kwa huruma, akagonga muhuri wa kufuta mkopo. Fundi alikuwa analia, na machozi hayakuwa ya kuigiza.

"Pole sana, dada," afisa akasema. "Usiwe unamwacha peke yake."