Muhuri wa Dirishani

Wengine wakihama nchi hubeba makochi na picha za ukutani. Eufrosina alihama na nyuki. Alivuka mto Prut kutoka Moldova kuingia Romania na lori lake la buluu, mizinga thelathini na sita juu yake, ghorofa mbili, kila mzinga umekazwa kwa nati nne. Nyumba ya marehemu shangazi yake ilikuwa ikimngoja ng'ambo, na nyumba haikumpa shida. Shida ilikuwa lori. Gari likihamia nchi nyingine halipokelewi kwa sura. Lazima lipimwe upya breki, taa na moshi, kana kwamba huko lilikotoka lilikuwa likiendeshwa kwa maombi.

Alipewa kibali cha siku thelathini, na siku ya thelathini ilikuwa Ijumaa. Asipofika kabla ya Jumamosi alfajiri, bwana Hutopila, mwenye shamba la alizeti, angempa mfugaji mwingine nafasi yake. Mvua ilikuwa imeikimbia Julai ile, maua kijijini yamekauka, na nyuki wasipofika kwenye alizeti wangekufa njaa kabla ya Septemba. Eufrosina hakuwa na kingine cha kumlisha. Mjane wa miaka sitini na moja haajiriwi na mtu.

"Shemeji, nenda kwa Ghita," Neculai, mume wa dada yake, alimwambia jioni ya Alhamisi. "Kodi matairi na ekzosi. Kesho kutwa unamrudishia."

Kijiji kizima kilifanya hivyo. Ghita alikuwa na seti moja ya matairi ya lori na ekzosi moja ya heshima. Kila lori lililokwenda kukaguliwa lilivalishwa, likapita, likarudi kuvuliwa. Matairi yale yalikuwa yamefaulu mitihani mingi kuliko mwalimu wa shule.

"Langu litakwenda na miguu yake," alisema Eufrosina. Majira yote ya baridi alikuwa akishinda chini ya lori lile: mabomba mapya ya breki, nozeli za mafuta amezisafisha kwa mkono wake, matairi ameyanunua kwa asali ya mwaka uliopita.

"Cha mvunguni sharti uiname, shemeji."

"Nitainama chini ya lori langu. Chini ya mtu, hapana."

Neculai aliguna, lakini asubuhi alipanda naye, mizinga ikiwa juu ili wakitoka huko waelekee shambani moja kwa moja. Ndivyo alivyokuwa, mdomo mwingi na moyo mwema.

Walifika kituo cha ukaguzi saa moja, foleni tayari imepinda kona. Zamu yao ilipofika ilikuwa saa nne na jua linachoma. Injinia Zamfirache alitoka ofisini na shati jeupe lililopigwa pasi na kikombe cha kahawa mkononi. Alilizunguka lori, akaligusa tairi kwa ncha ya kiatu.

"Haya siyajui."

"Hamjawahi kukutana, bwana injinia."

"Ni ya nani?"

"Ya lori."

Dereva mmoja kwenye foleni aliangua kicheko. "Injinia kazoea ya Ghita! Mwonee huruma, mama, leo kakutana na wageni!"

Foleni nzima ikacheka. Zamfirache hakucheka. Masikio yalimwiva mekundu, na mtu akichekwa mbele za watu, atakayeumia ni yule aliye karibu. Alifungua karatasi za lori.

"Hapa pameandikwa lori la mizigo, wazi. Hili ni jengo. Shusha mizinga yote, urudi Jumatatu na gari tupu."

"Mizinga ni mzigo. Mzigo uliokazwa nati bado ni mzigo."

"Anayesoma sheria hapa ni mimi."

"Jumatatu kibali kitakuwa kimekufa."

"Basi na lori limekufa. Mimi sikukuita huku, mama."

Maneno hayo yalimchoma Eufrosina kuliko sindano ya nyuki yeyote. Mwezi mzima alikuwa akiambiwa hivyo kwa macho. Leo ameambiwa kwa mdomo. Lakini hakupandisha sauti.

"Niishushe wapi?"

"Hapo hapo uani. Hata juu ya paa, shauri yako."

"Niandikie."

Zamfirache, kwa kiburi tu, aliandika: mizinga ishushwe uani. Akatia sahihi. Eufrosina alikunja karatasi, akavaa wavu wake wa uso, akapanda juu ya lori, akaifungua milango ya mizinga mmoja baada ya mwingine.

Hakufanya uhuni. Nyuki walikuwa wamefungiwa tangu alfajiri, na kwenye joto lile masega yangeyeyuka na kuwazika wote humo ndani. Ila pia sitasema kwamba hakuona raha kidogo.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Nyuki wenye kiu walimiminika kwenye bomba la maji la kuoshea magari. Wengine walinusa sukari ya kahawa ya injinia wakaingia ofisini bila kubisha hodi. Vioo vya magari vilipandishwa foleni nzima, watu wakaoka ndani kama mikate, na mafundi wakajifungia stoo. Zamfirache aliupunga mkono mara mbili, akachomwa mara mbili, akakimbilia ofisini, akaubamiza mlango nyuma yake.

Dirisha lilifunguka upana wa kiganja. "Mama! Wafunge wadudu wako!"

"Mchana hawafungiki. Nusu wako nje, na nyuki akirudi akakuta mlango umefungwa hana adabu tena."

"Basi liondoe lori!"

"Nikiliondoa watarudi hapa hapa waitafute nyumba, wasiione. Watahamia kwako. Jioni wakishaingia wote, ndipo gari linasogea. Ndivyo walivyoumbwa." Aliinua spana. "Wakati huo mimi nashusha, kama ulivyoandika. Nati ni mia moja arobaini na nne. Nimefungua mbili."

Saa sita mchana mkono ulitoka dirishani umeshika cheti. Kilikuwa kimejazwa na kugongwa muhuri.

"Chukua. Umefaulu kila kitu. Jioni uondoke, nisikuone tena."

Foleni ilipiga honi kwa shangwe. "Pokea, shemeji!" alinong'ona Neculai. "Pokea kabla hajaghairi!"

Eufrosina alisoma. Moshi, safi. Breki, imara. Handibreki, imara. Injini ilikuwa haijawashwa tangu saa nne. Karatasi ile ilikuwa alizeti, ilikuwa nyuki wazima na mkate wa mwaka mzima, na aliitamani, Mungu ni shahidi, aliitamani hasa. Akairudisha dirishani.

"Hii umeipima saa ngapi?"

"Mama, unataka nini?"

"Nataka kupimwa."

"Si umeshafaulu!"

"Iliyofaulu ni karatasi. Lori bado." Alimsukumia wavu wake wa akiba. "Vaa. Moshi utaupima hapa hapa liliposimama. Breki utapima jioni."

"Kichaa huyu," alilia Neculai. "Ndugu zangu, huyu ni kichaa!"

Zamfirache angeweza kufunga dirisha. Lakini watu walikuwa wakitazama, na sasa hawakucheka. Walisubiri waone kama ana ujasiri wa kufanya kazi yake. Alitoka amevaa wavu, shati limemganda mgongoni, akachomeka kipima moshi kwenye ekzosi. Eufrosina alikanyaga mafuta. Mshale ulipanda, ukapanda tena, ukasimama.

"Haujazidi kiwango," alisema injinia. "Umepona kwa kidogo tu."

"Kidogo cha halali kinanitosha."

Foleni ilitawanyika, mafundi wakaenda makwao. Jua lilipoinama nyuki walirudi, Eufrosina akafunga milango, akakaza nati zake, akaliingiza lori kwenye rola za kupimia breki. Breki za mbele, nzuri. Za nyuma, nzuri. Handibreki, gurudumu la kushoto halikushika.



"Nifanye sijaona?" aliuliza Zamfirache polepole, na safari hii hakuuliza kwa dharau.

"Andika ulichoona."

Aliandika. Neculai alikaa chini, akashika kichwa. Eufrosina alitandika boksi sakafuni, akaingia chini ya lori na spana. Kebo ilikuwa imelegea. Nusu saa alikuwa huko akiguna na kuitukana kwa lugha ambayo kanisani haisemwi. Alitoka na grisi hadi viwikoni.

"Pima tena."

Gurudumu lilishika kama limepigiliwa msumari.

Ofisini, Zamfirache alijaza cheti kipya kwa mwandiko safi, akachukua muhuri. Kabla ya kugonga aliinua macho. "Niambie, mama. Cheti ulikipata saa sita. Ungekuwa umelala kitandani kwako saa hizi."

Eufrosina alijifuta mikono kwa kitambaa, taratibu.

"Mume wangu Tudose alikuwa dereva wa lori la mvinyo. Lilikaguliwa Jumanne, dirishani kama hivi, na kila mtu alifurahi kuwahi nyumbani. Alhamisi breki zilikatika mteremkoni. Karatasi waliikuta mfukoni mwa shati lake. Breki, imara. Haikuwa hata na mkunjo."

Muhuri ulibaki hewani. Kisha injinia aliuweka mezani, akachukua tochi.

"Nisubiri kidogo, mama."

Alilala chali chini ya lori na shati lake jeupe, akaanza kulifuata bomba la breki kwa kidole, kiungo kwa kiungo. Eufrosina alichuchumaa, akaichukua tochi, akammulikia. Shamba lilikuwa kilomita arobaini tu, na alfajiri ilikuwa bado mbali.