Mkokoteni wa Jemadari

Sufuria kubwa ndiyo iliyotangulia. Iliruka kutoka juu ya mkokoteni, ikagonga mwamba, kisha ikateremka njia ya mlima kwa makelele. Vitunguu vikafuata. Mwisho mkokoteni wenyewe ukalala ubavu katikati ya njia, gurudumu moja likizunguka hewani bila haya. Wapagazi waliokuwa wakipumzika kwenye kona ile ya kwanza walicheka mpaka wakashika mbavu.

Shangazi hakucheka. Aligeuka akanitazama.

"Fundi," akaniita, yeye ambaye siku zote aliniita mwanangu. "Ndiyo kazi yako hii?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mkokoteni ule niliuunda kwenye karakana ya baiskeli nilikofanya kazi, kwa magurudumu mawili ya baiskeli na mabomba ya kitanda kilichovunjika. Niliuunda kwa sababu ya goti. Shangazi, dada yake baba, alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa na wapagazi wa mlima wetu, na wenzake walimwita Jemadari. Aliwabebea wageni mahema, vyakula na mitungi ya gesi, akawaacha nyuma wanaume wenye shingo nene. Kisha goti likaanza kuvimba. Alilifunga kitambaa chini ya suruali na kujifanya mzima, lakini msimamizi alikuwa na macho. Alimwambia bila kumung'unya maneno: Jumamosi ama afikishe mzigo kamili kwenye kibanda cha juu, ama abaki chini akiosha vyombo.

"Kuosha vyombo si aibu, Shangazi," nilimwambia.

"Ningetaka kuosha vyombo ningeolewa na yule fundi cherehani."

Alipouona mkokoteni aliuzunguka mara mbili, mikono kiunoni. "Kwa hiyo sasa mimi ni punda."

"Punda hana goti bovu."

Alinikata jicho, lakini Jumamosi asubuhi alikuja kuuchukua. Aliupakia mwenyewe, jinsi alivyozoea kupakia mgongoni: vyepesi chini, vizito juu, mtungi wa gesi mahali ambapo shingo ingekuwa. Mgongoni uzito ukikaa chini unakuvuta nyuma, hilo kila mpagazi analijua. Mkokoteni hauna shingo. Niliuona mtungi ukiyumba kule juu na sikuunyoshea hata kidole, kwa sababu wapagazi wale walikuwa na mwiko wao: mzigo wa mtu ukishaondoka chini, mwingine haugusi. Kuugusa ni kumwambia mwenyewe kwamba amekwisha.

Ndiyo maana pale kwenye kona hakuna aliyemsaidia kuokota kitu. Aliviokota mwenyewe, kitunguu kimoja kimoja, mguu mmoja ukiwa umenyooka. Halafu akakaa chini akakitazama kile chuma kinachoshika magurudumu, akakitazama sana. Akaulaza mtungi chini kabisa juu ya chuma hicho, sufuria na vyakula vikafuata, hema likaja mwisho. Akajifunga mkanda kiunoni na kuvuta.

Mkokoteni ukaenda.

Ulipanda taratibu, ukiyumbayumba lakini bila kuanguka, nami nyuma yake nikiomba kimoyomoyo kila tulipokanyaga jiwe. Tulipotoka kwenye miti Shangazi alianza kuimba. Sikuwahi kumsikia akiimba kazini. Miaka yote ile mzigo haukumwachia pumzi ya wimbo.

Ndipo tukafika kwenye ngazi za mawe.

Tulijua zipo. Nilidhani wawili tungeuvuta, mimi nikishika mkokoteni tu bila kugusa mzigo. Tulipanda ya kwanza, tukapanda ya pili, kwenye ya tatu nikateleza, na goti la Shangazi likagoma. Tuliurudisha chini, akasimama kwa mguu mmoja akihema. Juu tuliliona paa la kibanda. Nyuma yetu wapagazi walikuwa wamesimama na mizigo yao. Safari hii hakuna aliyecheka. Kobe, mpagazi ambaye kule kwenye kona alicheka kuliko wote, alikuwa akitazama viganja vyake. Wangetaka kusaidia, lakini ni nani angeanza kumvunjia Jemadari heshima?

Shangazi alizitazama ngazi. Midomo yake ilicheza bila sauti. Kisha akafungua mkanda kiunoni.

"Haya, shikeni."

Kobe akatua mzigo wake. "Jemadari, una hakika?"

"Nimesema shika, Kobe. Sijakwambia unichumbie."

Wakashika wanne, mmoja kila pembe, wakaunyanyua kama kitanda. Shangazi akatangulia na fimbo, akiwasomea ngazi moja moja. "Hii ndefu. Hapo kushoto jiwe bovu. Hii ya tatu inateleza, muulizeni fundi." Alizijua kwa nyayo zake. Juu akajifunga tena mkanda, akavuta mpaka mlangoni pa kibanda.

Msimamizi alitoka. "Mzigo wa nani huu?"

"Wa Jemadari," Kobe alimjibu, Shangazi hajafungua kinywa. "Sisi tumeushika tu."

Msimamizi aliminya matairi kwa kidole gumba. "Lile jiko la chuma lililotushinda kulipandisha," akasema hatimaye, "litaingia humu?"

Shangazi alinigeukia, uso umelowa jasho.

"Mwanangu, litaingia?"

"Litaingia, Shangazi."

Jiko lile mpaka leo linapika kule juu, na mikokoteni imeenea mlimani, mingine ya mafundi nisiowajua. Shangazi havuti tena. Hupanda mikono mitupu, polepole, siku anazojisikia.

Juzi nilipanda nyuma ya mpagazi mgeni, mwanamke mwenye mkokoteni mpya unaong'aa. Chini ya ngazi alisimama, akazitazama, akashusha pumzi. Akafungua mkanda kiunoni. Waliokuwa nyuma yake walitua mizigo yao wakaenda kila mtu kwenye pembe yake, na kutoka juu, kando ya kibanda, sauti ya kizee ikapaa:

"Hiyo ya tatu inateleza!"