Nywele za Matanga

Siku ya kunyolewa, baada ya mazishi, Kipkemoi arap Mosonik aliketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya kampuni ya chai, taulo shingoni, na shangazi yake Rodah akachovya wembe kwenye karai la maji ya sabuni. Ndugu zake walikuwa wameshanyolewa na sasa walikuwa wanakunywa chai, vichwa vinang'aa. Kwao Wakipsigis, mfiwa akishanyolewa matanga yameisha. Anarudi kazini, anakula na watu, na akichekeshwa anacheka. Rodah alianzia sikio la kulia. Alipofika la kushoto, upande wa kulia ulikuwa umeshaota tena, umegusa kola ya shati.

Rodah akarudia. Zikarudi. Akabadilisha wembe, zikarudi.

"Kichwa yako imekataa," akasema, akamwaga maji kando ya ua.

"Si kichwa. Ni mimi nimekataa," Kipkemoi akajibu. "Waseme kwanza."

Kambi nzima ilijua ni akina nani waliotakiwa kusema, na waseme nini. Mke wake, Janeffer, alibanwa na kifua akichuma chai, wenzake wakambeba mpaka zahanati ya kampuni, akalazwa kwenye benchi. Nesi akasema apelekwe Kericho haraka. Gari la wagonjwa halikuwepo. Meneja alikuwa amelituma Londiani kubeba viazi vya sherehe ya wageni wake. Lilirudi jioni, magunia yamepangwa mpaka juu ya kitanda cha mgonjwa. Kipkemoi, ambaye alikuwa mpakuaji wa stoo, aliyashusha yote kwa mgongo wake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia habari za mkewe. Alipomaliza, akajipangusa vumbi, ndipo alipoambiwa aende zahanati. Janeffer alikuwa ameshafunikwa leso.

Ofisi ilisema gari lilikuwa gereji. Dereva akasema gereji. Nesi akahamishiwa shamba lingine, na huko alikoenda pia akasema gereji.

Basi nywele zikaota. Mvua ndefu za masika zilipoanza, nywele zilikuwa zimefika kiunoni. Pasta alimwomba aache kukaa viti vya mbele, anawasumbua waumini. Msimamizi akasema nywele za namna ile zitaingia kwenye majani ya chai, akamtoa stoo na kumpeleka kufyeka nyasi kando ya barabara. Hawa wakubwa hawakosi pa kumpeleka mtu. Na huko barabarani ndiko watu wa filamu walikomkuta.

Filamu ilikuwa ya mashujaa wa zamani, kabla vilima havijapandwa chai. Mashujaa wale walikuwa na nywele ndefu zilizosokotwa na kupakwa udongo mwekundu. Sasa vijana wa kiume waliojitokeza sokoni Silibwet kuomba kuigiza walikuwa na vichwa vya shule na vya kanisa, na mwigizaji mkuu, Bosire, alikuwa ametoka Nairobi na wigi ya plastiki iliyong'aa juani kama mfuko wa takataka. Mwongozaji, mwanamke aliyeitwa Valary, alisimamisha gari, akateremka, akamzunguka Kipkemoi mara moja.

"Mzee, hizi ni zako?"

"Unafikiri nimeiba?"

"Tunaweza kuzikata?"

"Jaribu."

Akazikata mwenyewe kwa makasi. Kabla hajayarudisha makasi kwenye mkoba, nywele zilikuwa zimerudi kiunoni.

"Na kesho itakuwa hivi?"

"Itakuwa hivi mpaka waseme."

Valary hakuuliza nani waseme, wala waseme nini. Angekuwa amezaliwa vilima hivi angeuliza kwanza kwa nini mtu mzima hajanyoa, na akishajibiwa asingezigusa hata kwa fimbo. Rodah alimfuata mpaka kwenye gari.

"Madam, nywele ya matanga haivaliwi. Ukivaa hiyo, umevaa na kilio ya mwenyewe."

"Tutaziosha, mama."

Kipkemoi alikuwa amesimama hapo, akayasikia vizuri maneno ya shangazi yake. Ndiyo sababu alikubali. Kama mdomo wake hausikiki ofisini, alisema, acha wavae watu wenye midomo ya kusikika.

Meneja alifurahi sana. Alitoa kilima cha kupigia picha, akatoa na wanawake walioachishwa kazi mashine za kuchuma zilipoletwa. Walijipanga nyuma ya Kipkemoi na makapu mgongoni, wanakata, wanatupa ndani bila kugeuka, kama walivyochuma chai miaka yote. Aliyewaongoza alikuwa Nyanchama, aliyekuja kutoka Kisii akiwa msichana na kuzeekea kambini.

"Huyu mzee ni shamba nzuri," Nyanchama akasema. "Hata kiangazi hapungui."

"Nyamaza," mwenzake akamwambia. "Wakisikia watamletea mashine."

Wigi zikashonwa. Siku ya kwanza ya kupiga picha, Bosire alipanda juu ya mwamba na mkuki wake. Alipaswa kusema kwamba ardhi hii ni ya babu zetu. Akafungua mdomo, akasema kwa sauti ya Kipkemoi: "Gari ilikuwa Londiani kubeba viazi."

"Rudia," Valary akasema.

"Gari ilikuwa Londiani kubeba viazi. Mimi ndiye niliishusha."

Bosire akaomba maji. Nyuma yake mashujaa wakateremka kilima wakikimbia, nywele zinapepea, wote wakipaza sauti moja kwamba gereji ni uongo. Msaidizi wa Valary alipekua karatasi zake, akasema hayo hayako humo.

"Nikivua wigi nakumbuka maneno yangu," Bosire akaeleza. "Nikivaa, nakumbuka viazi."

"Na kuigiza?"

"Sijawahi kulia vizuri hivi."

"Basi usivue. Sauti tutaweka nyingine Nairobi."

Siku zote hizo gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa chini ya miti, milango wazi, lisije likakosekana mwigizaji akiteguka mguu. Dereva alilala ndani. Kipkemoi alikuwa akilitazama huku anakatwa.

Filamu ilipokamilika, kampuni iliweka pazia kubwa la kuionyeshea uwanjani. Meneja na wageni wake walikaa mbele, wafanyakazi wakasimama nyuma. Kipkemoi alikuwa amefua koti. Bosire akapanda mwamba, akafungua mdomo, na midomo ikasema Londiani, ikasema viazi. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine, nzito, nzuri, inasema habari za babu zetu. Wanawake wa chai waliisoma midomo na kuifuatisha polepole, kama wimbo wa kanisani. Wageni wakapiga makofi. Mwishoni maandishi ya shukrani yakapita, na Nyanchama akamsomea Kipkemoi: walishukuru kampuni kwa kilima, na kwa gari la wagonjwa lililokuwa tayari saa zote.

Kipkemoi akapita katikati ya watu mpaka mbele. Meneja alimshika mkono kabla hajaunyoosha.

"Mzee, umetuletea heshima."

"Sema gari ilikuwa wapi."

Meneja alitabasamu upande wa wageni, kisha akainama karibu na sikio lake.

"Si wamesema kwa filamu? Mimi pia nina macho, niliona midomo. Wageni wameona, na wamepiga makofi. Hiyo maneno imesemwa, imeisha. Enda unyoe."

"Wewe hujasema."

"Anataka nini?" mgeni mmoja akauliza.

"Anauliza kama tutafanya nyingine," meneja akajibu.

Na nyingine ikafanywa. Hii ilikuwa ya nabii na wafuasi wake, wanaume tupu, wote wa nywele ndefu, na wigi zilitakiwa nyingi kuliko za kwanza. Meneja aliwapa wanawake msimamizi wa kuhakikisha hawaongei kazini. Asubuhi walimkuta Kipkemoi ameshaketi nje, nywele zimemwagika mpaka chini. "Bado hajasema," akawaambia badala ya salamu, na wao hawakumlaumu. Wakaanza kukata.

Makapu ya kwanza yalijaa kabla ya chai ya saa nne. Yalitakiwa Nairobi siku hiyohiyo, kwa hiyo ofisi ikatuma gari la wagonjwa. Dereva alilirudisha kinyumenyume mpaka mlangoni pa Kipkemoi, akafungua milango ya nyuma, akakikunja kitanda ukutani ili makapu yaenee.