Asiye na Mama Asogee Mbele

Siku Sumari alipotangaza kwamba yeye ndiye atakayeiongoza hadithi ya zimwi mbele ya mashine ya Mdachi, Ndeshi alikuwa anamenya ndizi, na nusura ajikate kidole kwa hasira. Sumari! Mtu asiyeweza kueleza hata alivyoamka asubuhi bila kukukumbusha mara tatu kwamba yeye ni jumbe. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa limevikwa kofia.

Hadithi yenyewe hakuna mtu pande hizi za mlima Meru asiyeijua. Zimwi lilitoka kwenye shimo la mlimani. Lilikuwa na jicho moja lisilopepesa, likameza watu bila kutafuna, na humo tumboni watu wakaendelea kutembea, kulima na kuoana, ila aliye nje hakuwasikia. Akabaki binti mmoja. Akachukua majivu ya jiko la mama yake, akalimwagia zimwi jichoni, akalikata kidole kidogo, na watu wote wakatoka wakifikicha macho kwenye jua. Basi. Mama yake Ndeshi alimwachia hadithi hiyo kabla hajafa. Alimtemea mate ya baraka kifuani na kumwambia, "Mengine ongeza utakavyo. Mwisho usiuguse."

Mwisho ukaguswa, lakini si na Ndeshi. Miaka ya nyuma alipita Mdachi mmoja msafiri, akasimuliwa hadithi na Efraimu, mtoto wa kaka yake Ndeshi, mwalimu wa shule ya misheni. Msafiri akarudi kwao, akaifanya kitabu. Kikapendwa ajabu; inasemekana watoto wa Kidachi walilala nacho kitandani. Ila humo kitabuni hakuna majivu wala binti wa maana. Anakuja mzungu juu ya farasi mweupe, analipiga zimwi risasi, na watu wakitoka tumboni wanampigia magoti. Efraimu alipomsomea shangazi yake ukurasa ule, Ndeshi alitema mate chini, na hayakuwa ya baraka.

Sasa, mwaka huo wa 1912, akaja Mdachi mwingine akitaka kukigeuza kitabu kiwe picha zinazotembea. Alikuwa na sanduku la mbao lenye jicho la kioo, limesimama juu ya miguu mitatu, naye huliendesha kwa kuzungusha mpini ubavuni. Watu wakamwita Bwana Mpini, na mwenyewe akaitikia. Hakujua Kimeru, Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, na mikono yake ilikuwa na kazi. Akahitaji mtu wa kuwaongoza wachezaji. Ndiyo maana Sumari alikuwa anavuma.

Ndeshi akafunga shuka yake akaenda barazani, walikokaa Sumari na Bwana Mpini.

"Nimesikia mnatafuta kiongozi wa mchezo," alisema. "Nimekuja."

Sumari akacheka. "Wewe, mama? Hapa panatakiwa sauti na kofia."

"Siku kofia itakaposimulia niite, nije kuisikiliza."

Watu wakaziba midomo. Sumari akapoza sauti, kama mtu anayemshauri mgonjwa. "Mama, tusitafute makuu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tumpe Bwana anachotaka, naye atatubakizia."

"Hata likibakiza," Ndeshi alisema, "limekula."

Efraimu, aliyekuwa mkalimani, alitafsiri nusu na nusu akaimeza. Bwana Mpini alitazama kofia, akatazama shuka ya Ndeshi, akachagua kofia. Ndeshi akarudi nyumbani na moyo unamwaka. Lakini njiani akakumbuka jambo moja, akaanza kutabasamu peke yake.

Kesho yake watu walikusanywa kwa amri kwenye kiwanja cha malisho, jua limepanda. Bwana Mpini akaushika mpini. Sumari akainua kiboko chake. "Haya! Hadithi inaanza! Tembeeni!"

Hakuna aliyeinua mguu.

"Tembeeni, nimesema!"

Mpini ukazunguka, mkanda ukanguruma ndani ya sanduku, na mbele ya jicho la kioo watu wakasimama kimya kama migomba siku isiyo na upepo. Yule Mdachi alikuwa amevuka bahari na mashine ya kupiga picha zinazotembea, na sasa anapiga picha za watu waliosimama. Hata mbuzi walikuwa wanamwonea huruma.

Hawakuwa wakaidi tu. Pande zile hadithi haisimuliwi mchana. Husimuliwa jioni, ng'ombe wakishaingia na moto ukishawaka. Atakayeigusa hadithi juani, mama yake atakufa. Kila mtoto hulijua hilo kabla hajajua kufunga mbuzi. Sumari alilijua pia, ila cheo kilimsahaulisha. Na mashine ya Bwana Mpini haikuona kitu pasipo jua.

Aliyemkumbusha Sumari alikuwa bibi kizee Koko Nosim, mama yake mzazi, aliyetokea migombani na fimbo yake huku akihema.

"Sumari! Nimekukosea nini mpaka unataka kunizika?"

"Mama, hii ni kazi ya serikali..."

"Serikali ndiyo iliyokunyonyesha?"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Jumbe akakishusha kiboko, na kofia nayo ikaonekana kumpwaya. Efraimu akamweleza Bwana Mpini mambo yalivyo. Bwana akajipiga paji la uso. Mkanda ulikuwa haba, na kila alichozungusha hakirudi. Akauliza: basi nani anaweza kuigusa hii hadithi mchana?

"Asiye na mama," alisema Ndeshi, akatoka mbele. "Mimi sina. Na hadithi ni yangu. Mwambie, Efraimu: nitaongoza, lakini mwisho utakuwa ule wa mama yangu. Majivu, si farasi."

Bwana Mpini aliafiki haraka mno, kama mtu anayemwahidi mtoto peremende. Ndeshi alipaswa kuitazama vizuri haraka ile. Lakini alikwisha kuwageukia watu.

"Asiye na mama asogee mbele."

Alitegemea wazee. Wazee wakasogea, ndiyo. Lakini wakasogea na vijana wenye meno yote, wanawake wanaonyonyesha, kijana Lemburis na ndugu zake wote. Wakasogea kimyakimya, kiwanja kikahamia upande mmoja, na waliobaki nyuma wakawa wa kuhesabika. Soila naye akasogea. Ndeshi alimlea Soila tangu ana meno mawili, na binti hakuwahi kumwita ila "shangazi". Alivyopita mbele yake bila kusita, kitu kilimchoma Ndeshi, akakimeza. Soila hakudanganya, mtoto wa watu.

Bwana Mpini akauliza kama huku kulikuwa na tauni.

Efraimu akasita.

"Mwambie," Ndeshi alisema. "Mwambie kuna mwaka migomba yetu ilikatwa na nyumba zikachomwa. Kisha watu wakabebeshwa mawe ya kujenga boma la Wadachi mjini Arusha. Na usiikate katikati kama kawaida yako."

Safari hii Efraimu hakuikata. Bwana Mpini alisikiliza, akawasha kiko.

Wakaanza kazi, na hapo ndipo hata waliomcheka Ndeshi walipofunga midomo. Alijua pa kumweka kila mtu. Watu wa tumboni aliwaambia wasemezane, wabishane, waimbe kwa sauti yote. Lemburis akauliza ya nini, maana mashine haina masikio. "Ndiyo hivyo," alijibu. "Mko tumboni. Mnapiga kelele na hamsikiki. Unataka nikueleze zaidi ya hapo?" Lemburis akaimba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Siku moja Lemburis huyohuyo alitaka kuchungulia ndani ya mkebe wa bati ulimohifadhiwa mkanda uliokwisha kuzungushwa. Bwana Mpini alipiga ukelele kama aliyekanyaga moto. Efraimu akafafanua: jua likiingia humo, wote waliomo watatoka, hatabaki hata mmoja. Watu wakacheka. Ndeshi hakucheka. Alilisikia neno lile, akaliweka.

Tatizo lilikuwa zimwi. Bwana Mpini alikuja na kinyago cha karatasi kutoka kwao, kina pembe na ulimi mwekundu. Ndeshi alikizungukia, akasema kinafanana na beberu anayeumwa jino. "Zimwi langu nitalionyesha siku ya mwisho," alisema, ingawa wakati ule hata yeye hakujua atalitoa wapi.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, ng'ombe wakiingia zizini, Efraimu alikuja amejiinamia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sema lililokukaa kooni."

Akasema. Bwana Mpini hakuwa na nia ya kuutumia mwisho wa majivu. Angeuzungusha ili watu waridhike. Baadaye angeshuka Usa, kwenye shamba la rafiki yake lenye farasi mweupe na bunduki, akapige mwisho wa kitabuni. Wa Ndeshi angeukata kwa mkasi.

"Na wale wa kupiga magoti atawapata wapi?"

"Anao tayari, shangazi. Siku ile uliyowaambia wainame wachimbe viazi tumboni. Anasema akikata hapa na kuunga pale, itaonekana wanampigia magoti yule wa farasi."

Ndeshi alikaa chini. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Lemburis, Soila, wote wale wasio na mama, wangepiga magoti Ulaya mbele ya farasi ambaye hawakumwona hata mkia, na wangepiga magoti kila siku mashine itakapozungushwa, hata wakishakufa. Naye ndiye aliyewaambia wainame. Alilia kidogo, akapiga moyo konde, akamwita Soila.

"Pita kila nyumba. Kesho kila mtu aje na majivu ya jiko la mama yake. Kama jiko lilichomwa, achukue udongo wa mahali lilipokuwa."

Asubuhi walikuja na vibuyu, majani ya mgomba, wengine wamefumba tu kiganja. Waliokuwa na mama walijaa pembeni kutazama, Koko Nosim mbele yao. Ndeshi akamwambia Bwana Mpini kupitia kwa Efraimu: "Zungusha, na usiache hata litokee nini. Ukiacha, hatutarudia."

Bwana Mpini akakubali. Akauliza zimwi liko wapi.

Ndeshi, ambaye siku zote alisimama mbele pamoja na wachezaji, safari hii alizunguka akaja kusimama nyuma ya mashine. Akainua mkono, akalinyooshea sanduku kidole.

"Hilo hapo!" aliwapazia sauti watu wake. "Jicho moja, halipepesi. Linameza bila kutafuna. Mama hakuniambia lina miguu mingapi. Ni mitatu!"

Walitazama kidogo tu. Kisha wakaelewa, na kiwanja kikatoka mbio.

Bwana Mpini alizungusha. Tumpe haki yake, alizungusha kwa furaha, maana katika maisha yake hakuwahi kuona watu wanaolijia jicho la mashine namna ile, vifua wazi, wanazidi kuwa wakubwa. Soila alifika wa kwanza. Majivu yake yakapiga kioo, yakafuata ya Lemburis, yakafuata ya wote, wingu la kijivu, na Mdachi akaanza kupiga chafya huku mkono bado unazunguka. Alipouachia mpini ili afute macho, Ndeshi alikwisha kulishika komeo dogo la ubavuni mwa sanduku, lililo sawa na kidole kidogo.

Akalifungua. Akatia mkono tumboni, akauvuta mkanda nje kwenye jua, pima baada ya pima. Soila naye akafungua mikebe ya bati, mmoja baada ya mwingine.

"Tokeni!" Ndeshi alipaza sauti. "Tokeni wote, nendeni nyumbani!"

Vigelegele vikapasuka pembeni. Bwana Mpini alipiga kelele za Kidachi ambazo hazikuhitaji mkalimani. Sumari akaja mbio na kiboko kimeinuliwa, na Koko Nosim akakidaka kwa fimbo yake. "Hadithi imeisha sasa," alimwambia mwanawe. "Nguvu hizo ungezionyesha mwanzoni." Sumari akabaki amesimama. Askari waliokuja na Bwana Mpini hawakusimama. Walimfunga Ndeshi kamba, wakamteremsha mjini Arusha, bomani.

Huko walimpa kazi ya kufagia ua na kutoa majivu kwenye jiko la askari. Usiku alisikia maji ya Themi yakipita ng'ambo ya ukuta. Hakujuta, ila alihofu. Alihofu kwamba hadithi itakaa kimya mpaka atakapotoka, na hakuna aliyemwambia atatoka lini.

Efraimu aliporuhusiwa kumletea chakula, alikuja na kibuyu cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, na habari. Bwana Mpini amekwenda zake pwani na sanduku tupu. Na Soila ndiye anayesimulia sasa. Watu wanatoka hata Moshono kuja kumsikiliza, na siku hizi binti anapofika pa zimwi, huliwekea miguu mitatu.

"Anasimulia mchana?" Ndeshi aliuliza haraka. "Wakisikia hapa bomani..."

"Jioni tu. Watu wamemsihi asimulie mchana, siku ya gulio, maana yeye anaruhusiwa. Amekataa katakata." Efraimu alitazama chini. "Anasema hawezi. Anasema mama yake yu hai, amefungwa bomani."

Ndeshi alikula loshoro yote, akapangusa kibuyu kwa kidole, akamrudishia mtoto wa kaka yake. Kisha akauchukua ufagio, akaenda kwenye jiko la askari. Alipoinama kuzoa majivu alitazama kushoto na kulia, akachota konzi moja, akaifunga fundo kwenye pindo la shuka yake, amwekee binti yake.