Kidole cha Jirani

Kwa wiki sita Safia alikuwa akijipima sukari kwa mashine ya Mwihaki, na kwao hakuna aliyejua. Si mume, si binti yake Fardowsa, ambaye harusi yake ilikuwa imebaki siku chache tu. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka lake la vitambaa pale mtaani Pioneer, Safia alipitia mlango wa nyuma wa jirani yake, mwenye duka la unga na sabuni. Walijifungia ndani, kila mmoja akajidunga kidole na kisindano chake. Mwihaki kwanza, Safia baadaye. Kisha wakanywa chai.

Mashine hiyo Mwihaki alipewa na kliniki moja ya mjini. Ukiweka tone la damu, nambari inaingia yenyewe kwenye simu, simu inaituma kliniki, na jioni kliniki inajibu ni yuniti ngapi za insulini ujidunge. Hakuna foleni, hakuna kupanda boda kwenda na kurudi. Na kwa kuwa sukari ilikuwa imeshaanza kumla macho, Mwihaki alifungua simu akampa Safia amsomee. Akishasikia, alizungusha kalamu ya insulini huku akihesabu milio yake, tik, tik, tik, akajidunga tumboni.

Sasa utauliza, hawa watu wazima hawakuona hatari? Wangeionaje! Simu ya Mwihaki ilikuwa haifunguki ila kwa kidole gumba chake mwenyewe. Safia aliwahi kujaribu chake, ikamkatalia katakata. Basi wakaona kwamba ikiwa simu inamjua mtu kwa kumgusa tu, hii mashine inayoonja damu yake itakosaje kumjua? Mwihaki alisema kwa uhakika wote kwamba nambari za Safia inazitupa, kwa sababu si mgonjwa wao. Safia alikubali haraka, maana ndivyo alivyotaka kusikia.

Haikuwa inatupa kitu. Ilikuwa inazituma zote.

Dozi ikaanza kupanda. Kumi na nane ikawa ishirini na mbili, ikawa ishirini na nane. Muuguzi wa kliniki, kijana mmoja anaitwa Lusweti, alipiga simu kumuuliza Mwihaki ni nini hicho anachokula kwa siri. Maskini Mwihaki aliapa kwa jina la Mungu wake kwamba hali kitu. Baada ya kukaripiwa hivyo akaacha hata ndizi, akaacha ugali wa jioni. Akaanza kutoka jasho asubuhi yenye baridi. Mikono ikawa inamtetemeka, na siku moja mteja aliomba unga akafungiwa sabuni. Safia aliyaona haya yote kwa macho yake, akasema moyoni huu ugonjwa sasa umemshika rafiki yangu vibaya.

Alhamisi Safia alitumia kijikaratasi cha mwisho cha kupimia. Vilipaswa kutosha mwezi mzima, lakini vidole vilikuwa viwili. Jioni ujumbe uliingia, akausoma kwa sauti kama kawaida: yuniti thelathini na nne. Mwihaki akaanza kuhesabu milio yake. Safia, kidole bado kiko kwenye kioo cha simu, akaigusa orodha ya vipimo ambayo hakuwahi kuifungua. Asubuhi ya leo, tano nukta mbili. Dakika nne baadaye, ishirini na moja nukta tatu.

Hiyo ishirini na moja aliijua. Ilikuwa yake. Akaipandisha orodha juu, akaziona zote, za kila asubuhi, zimepangwa chini ya jina la Mwihaki.

Neno lilimfika mdomoni kabisa, na hapo hapo akamkumbuka shangazi wa bwana harusi, mama mmoja wa Isiolo asiyefumba maneno, aliyeeleza mbele ya watu kwamba posa ya kwanza ya kijana wao waliivunja wao wenyewe walipogundua nyumba ile ina sukari kwenye damu. Wageni walikuwa wanafika Jumamosi, harusi ni Jumapili. Safia akajiambia, siku tatu tu, Jumapili jioni nitasema. Mwihaki alikuwa tayari ameshachomoa sindano.

Ijumaa kliniki ilinyamaza, kwa kuwa haikupata vipimo vipya, na Mwihaki akarudia thelathini na nne ile ile. Safia alimpelekea tende na chai iliyokolea sukari. Akambembeleza, karibu amlishe kwa mkono wake. Mwihaki alimrudishia sahani akicheka kinyonge, akasema Lusweti atamuua.

Jumamosi saa nne asubuhi nyumba ya Safia ilijaa wanawake. Shangazi wa Isiolo alikuwa ameketi sebuleni na wenzake wanne. Mwihaki alikuwa jikoni akimenya viazi, maana angewezaje kukosa harusi ya mtoto aliyemwona akizaliwa? Watu walisikia sufuria ikianguka. Walipofika walimkuta sakafuni, amelowa jasho, macho yamegeuka.

Janice, bintiye Mwihaki aliyetoka chuoni Chepkoilel kwa ajili ya harusi hiyo, alipiga magoti akapekua mkoba wa mamake. Kijikaratasi cha kupimia hakikuwamo hata kimoja. Akakishika kidole gumba cha mamake, akafungua simu. Ishirini na moja nukta tatu. Akasema sukari imempanda sana, akaitoa kalamu ya insulini na kuanza kuizungusha.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Fardowsa alikuwa nyuma yake, hina haijakauka mikononi. Safia aliwatazama wote wawili.

"Usimdunge," alisema. "Hiyo nambari ni yangu. Mimi ndiye mwenye sukari juu. Yake imeshuka."

Shangazi aligeuka akarudi sebuleni. Mtu alileta asali, Janice akampaka mamake kwenye ufizi kwa kidole, akapaka tena. Asali ilimtiririka Mwihaki pembeni mwa mdomo. Nje kuna mtu alikuwa akipiga kelele gari liletwe.

Janice hakuinua kichwa. "Mama Fardowsa, umejua hivyo tangu lini?"

Safia angeweza kusema ni sasa hivi tu. Alimtazama Mwihaki, ambaye kifua chake kilikuwa kinapanda kwa shida.

"Tangu Alhamisi," alisema.